Usisahau Kuifunga Diski

9 Januari

Kwako Mjomba,

Pokea salamu kabla hata hujavuta kiti. Mimi mzima, ila mafua. Mama mzima, bado yuko ofisi ya maji, na bado watu wanamfokea kuhusu bili zao kana kwamba yeye ndiye aliyeyanywa hayo maji. Bibi anakula na anagomba, na akigomba tunajua ni mzima. Macho tu ndiyo yanamsumbua. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na amempangia kupasuliwa la kulia mwezi wa nane. Bibi anasema yeye alizaa watoto wawili, Mama na wewe, hawa wengine wa machoni hajui wametokea mlango gani.

Najua ungependa nipige simu. Tuseme ukweli, Mjomba. Ukinipigia mimi nasema "ndiyo" na "hapana", halafu tunabaki kusikilizana tukipumua. Si bure ulinipa jina la Kimya. Kwenye karatasi sioni haya, au naona lakini hakuna anayeniangalia.

Ule waya wa kuingizia picha umefika. Kompyuta waliyoitupa ofisini kwa Mama nimeifuta vumbi, inawaka. Kanda zote tatu ulizompiga Babu zimeshaingia. Deki ya zamani iliitafuna kidogo ile ya pili, nikaizungusha kwa penseli ikakubali. Babu yumo, Mjomba! Yumo kibandani kwake, ana kile kioo cha jichoni cha mafundi saa, anaisemesha saa ya ukutani kama mgonjwa: "Usinidanganye. Unaumwa wapi?" Alipofariki nilikuwa na miaka kumi. Sasa nina kumi na sita, na nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake, na sikumwambia mtu.

Nataka kuzikata na kuziunga ziwe kitu kimoja, niziweke kwenye diski ambayo Bibi ataitia mwenyewe kwenye deki yake na kumwona mumewe wakati wowote anaotaka, angali anaona. Tatizo ni programu. Zimeandikwa kwa lugha ya shule. Neno moja moja nalijua, yakikaa kikao siyaelewi. Ile niliyoikuta ndani ya kompyuta ni ya bure, inakata na kuunga vizuri, lakini kutengeneza diski haijui. Fundi wa duka la kompyuta anayo ile kubwa ya watu wa televisheni, imevunjwa kufuli, anasema atanipa kwa bei ya soda mbili. Nichukue?

Na la mwisho. Utakuja lini? Bibi hajauliza. Nauliza mimi.

Mpwa wako,
Kimya


30 Januari

Kwako Kimya,

Barua yako haina shikamoo hata moja, lakini mimi nimeitikia: marahaba.

Niko salama. Studio ni ileile, chumba kimoja juu ya duka la magodoro, madirisha tumeyaziba kwa mapazia meusi, kwa hiyo mvua naisikia tu, siioni. Wiki hii nimeunga harusi tatu. Nimewatazama watu wakilishana keki mpaka nikashiba mimi.

Ya fundi usichukue. Ni mali ya wizi, na isitoshe kitu kilichovunjwa kufuli huingia ndani pamoja na waliokivunja. Wiki mbili tu kompyuta itaanza kuongea peke yake. Halafu ile programu ndiyo ninayotumia mimi hapa, na mashine yangu ya kazi yenyewe huitumia ikikohoa. Hiyo ya ofisi ya maji itazimia. Hakuna anayeteleka sufuria la harusi kuchemshia chai ya mtu mmoja.

Programu ihoji kama mtu anayetaka kupanga chumba kwenu. Mwulize anakula nini: aina ya picha ulizonazo anazimeza au anazitema? Mwulize kama ataenea. Mwulize kama anajua kutengeneza diski yenye menyu, ule ukurasa wa mwanzo wa kuchagulia, maana wengi wanajua kukata tu. Na kabla hujampa hata senti, akubali kujaribiwa. Asiyetaka kujaribiwa mwogope. Ziko za matumizi ya nyumbani ambazo bei yake haizidi jozi ya viatu vya shule. Tafuta humo humo, usipande juu.

Jambo jingine. Picha za zamani bila mtu wa kuzitambulisha ni kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Mwanzoni aongee mtu, sentensi mbili tu. Nani ataongea?

Msalimie dada. Na Mama.

Mjomba wako


12 Februari

Mjomba shikamoo, ya leo na ile ya mwezi uliopita.

Hapa wote wazima isipokuwa paa. Limeanza kuvuja upande wa kwangu, ikabidi kompyuta ihamie chumbani kwa Bibi. Sasa nahariri yeye akiwa kitandani nyuma yangu, anasikia kila kitu, anatoa hukumu.

Nimekaribia kukuharibia kila kitu. Nilimsomea ile sehemu ya programu kwenye barua yako, nikamwambia tukishaunga picha za Babu, tunazichoma. Kesho yake asubuhi kanda hazipo. Tulizitafuta siku mbili, mpaka Mama alipokwenda kuchota unga akazikuta zimezikwa ndani ya pipa. "Nimchome mume wangu?" Bibi akasema. "Kwa kosa gani?" Nilimweleza kwamba kuchoma ni kuandika kwenye diski kwa mwanga, hakuna moto. Akasema basi semeni kuandika, mbona neno lipo.

Nimehoji wapangaji watatu kama ulivyosema. Wa kwanza alikubali kujaribiwa bure, lakini kumbe anapiga chapa yake katikati ya picha. Bibi alisogea mpaka pua ikagusa kioo. "Nani huyu kampiga mume wangu muhuri usoni kama mfuko wa saruji?" Nikamfukuza siku hiyo hiyo. Wa pili alikuwa na menyu nzuri, ila herufi zake ni za sisimizi na maneno yake yote ya lugha ya shule, hayabadiliki. Unajua sheria ya meza ya Bibi: neno la shule likikutoka, vyombo vyote unaosha wewe. Nikaona diski yenyewe itaosha vyombo mpaka kiama.

Wa tatu ndiye. Anameza picha zetu, haizimishi kompyuta (anaichosha tu), na menyu yake unaandika unachotaka, kwa ukubwa unaotaka. Niliandika "Cheza". Bibi akauliza, "Nimcheze nani?" Nikabadilisha, sasa inasema MTAZAME BABU, herufi kubwa kama za ukuta wa duka, na Bibi amezisoma mwenyewe kutoka kitandani. Bei ni ileile uliyosema. Nimemwambia Mama atoe pesa za viatu vyangu, kwa sababu hivi vya zamani bado vinavumilia. Havivumilii, Mjomba. Usimwambie.

Swali lako la nani ataongea nimelisoma.

Langu wewe umelisoma? Utakuja lini?

Kimya


20 Machi

Kwako Kimya,

Marahaba. Nimechelewa, kazi zilinizidi. Mimi mzima.

Kwenye kifurushi hiki kuna viatu. Vikikubana, vijaze magazeti yaliyoloana usiku mmoja. Vikikupwaya, subiri, wewe bado unakua. Dada mwambie ni zawadi ya kufaulu; kufaulu nini utajua mwenyewe.

Umechagua vizuri. Hata mimi nisingechagua tofauti, na mimi hii ndiyo kazi yangu.

Sasa nisikilize. Mwishoni mwa kanda ya tatu kuna mahali Baba ameshika sahani, ananitazama mimi niliye nyuma ya kamera, anasema maneno. Pakate. Maliza pale anapocheka. Baada ya hapo hakuna kitu.

Ukimaliza, nitumie mimi kwanza niikague kabla Mama hajaiona, asije akatazama kitu chenye kasoro. Na usisahau kuifunga diski. Nakukumbusha tena, ifunge vizuri, maana isipofungwa haitasomeka kwenye mashine ya mtu mwingine hata uipigie magoti. Kuna neno la shule la jambo hilo, lakini barua zangu najua zinasomwa kwenye meza ya nani, nami vyombo nilishaosha vya kutosha utotoni.

Mjomba wako


6 Aprili

Mjomba shikamoo,

Viatu vimenitosha kama nilizaliwa navyo. Asante. Mama alinitazama, akatazama viatu, akasema, "Huyo mdogo wangu," akaenda zake jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko kawaida.

Diski ndiyo hii. Nimeifunga kama ulivyosisitiza. Gazeti mara tatu, kisha kitambaa cha flana, kisha boksi la sabuni. Nilikuwa natafuta gundi Bibi akaninyang'anya, akasema kitu kikifungwa na yeye hakifunguki ovyo. Ameifunga kwa kamba yake ya katani, huku na huku, kwa kupapasa. Akaniuliza inakwenda kwa nani. Nikasema kwa fundi, akaikague. "Fundi gani anakaa mbali hivyo?" akauliza. Akalipakata boksi mapajani, akaongeza fundo jingine.

Nina mambo mawili ya kuungama.

La kwanza, sikukata pale uliposema. Nilikata, nikarudisha, nikakata, nikarudisha. Babu anasema, "Umeniona? Basi zima, uje ule." Mjomba, hapo ndipo anapoongea kama baba. Kwingine kote anaongea kama mtu anayejua anapigwa picha. Nilishindwa. Kama utanikasirikia, nikasirikie kwa barua, usipige simu.

La pili, aliyeongea mwanzoni ni mimi. Nilimwomba Mama akakataa, akasema atalia. Unajua mwaka jana walinisimamisha mbele ya shule nzima nisome risala, kwa lugha mbili, na sikusoma kwa hata moja. Nilisimama tu mpaka mwalimu akaja kuichukua karatasi. Sasa hii nimeisoma ndani ya kabati la nguo, nimefunga mlango, makoti ya Mama yananigusa mashavu. Humo sauti haina mwangwi na hakuna macho. Nilirudia mara kumi na nne. Ni sekunde kumi na saba tu. Sipendi kuisikiliza, lakini imo.

Utakuja lini?

Kimya


28 Mei

Mjomba shikamoo,

Sisi wazima. Paa limezibwa.

Je, boksi lilifika? Bibi ananiuliza kila siku fundi amesemaje. Mimi nasema fundi ana kazi nyingi. Jana akasema, "Mafundi ndivyo walivyo. Wanachukua kitu cha mtu, wanaingia mitini."

Kama ni kwa sababu sikukata, nitakata. Kama ni sauti yangu, nitamlipa mtu mwingine aseme. Jibu tu.

Kimya


15 Juni

Kwako Kimya,

Marahaba, na unisamehe. Boksi lilifika mwezi wa nne.

Nililazimika kutumia kisu kwa zile kamba. Fundo lile nalijua. Ndilo alilofungia sanduku langu siku nilipoondoka nyumbani.

Nikaondoa flana, nikaondoa magazeti, nikaitia diski yako kwenye deki ya studio. Haisomi. Nikaitia kwenye kompyuta, ikasema: wazi. Diski haijafungwa. Nikatazama ile flana, nikatazama zile kamba, ndipo nikaelewa. Mpwa wangu, kufunga niliyokuwa nasema ni kitufe! Ni pale mwisho kabisa, programu inapokuuliza kama umemaliza, unabonyeza, inaiziba diski isiandikwe tena. Nilicheka mpaka mwenye magodoro akagonga dari yake kwa ufagio. Miaka kumi na moja katika kazi hii sijapokea diski iliyofungwa kwa katani.

Kwenye kompyuta ilisomeka. Nikakusikia. Sikujua kama una sauti. Nilidhani una herufi tu. Usimlipe mtu. Usiguse hata sekunde moja ya zile kumi na saba.

Halafu nikafika kule ulikokataa kukata, na sikuweza kuendelea siku hiyo, wala mwezi huo. Sikukasirika, Kimya. Nitakwambia, kwa sababu umekuwa ukiniuliza swali moja nami najifanya kipofu.

Siku Baba alipofariki, habari zilinifikia asubuhi, nimeshika kamera kwenye harusi ya watu nisiowajua. Walikuwa wakimfunga bibi harusi vishikizo. Ningeweza kuiweka kamera chini. Nilijiambia nimalize, wamenitegemea, basi la mchana lipo. La mchana likaniacha. La kesho yake nilifika kituoni, nikafikiria nitakavyoingia pale ameshazikwa, watu wananitazama na begi langu la kamera, nikageuka. Nikasema nitakwenda wiki ijayo watu wakipungua. Wiki ijayo ikawa miaka sita. Mama anadhani sikujali. Sikuwahi kumwambia vingine, kwa sababu vingine vyenyewe si vizuri zaidi. Baba aliniambia nizime nije nile, na mimi siku aliyonihitaji sikuzima.

Diski isiyofungwa ina faida moja tu: haijakataa nyongeza. Nimeongeza dakika nne. Kwenye menyu utaona mlango wa nne ambao hukuutengeneza wewe. Kisha nimeifunga, kwa kitufe, deki yoyote itaisoma. Mwonyeshe Mama yote. Usiruke, na usitazame kabla yake.

Mjomba wako


3 Julai

Mjomba shikamoo,

Sote wazima. Leo sina subira ya salamu ndefu.

Tulitazama Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nilifunga mapazia, Mama akakaa chini, Bibi akakaa kwenye kigoda chake, shubiri moja kutoka kwenye kioo. Diski aliitia mwenyewe. Menyu ikatokea na akaisoma yote kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza: juu MTAZAME BABU, kisha milango chini yake, Kibandani. Baiskeli. Zima Uje Ule. Alipofika wa nne akasogea, akafuata herufi kwa kidole. MWANAO.

"Huu nani kauandika?"

"Fundi," nikasema.

"Tuanze na mwenye nyumba," akasema. "Fundi atasubiri."

Sauti yangu ilipotoka nilitamani kuingia chini ya kochi. Bibi aliuliza, "Huyu msichana nani? Anaongea vizuri." Mama akamwambia ni mimi. Bibi akanishika mkono, hakuuachia mpaka mwisho. Alimcheka Babu na saa zake, akabishana naye kuhusu baiskeli ("Mwongo! Sikuanguka, ulinisukuma!"), na alipofika kwenye sahani, na yale maneno, akasema polepole, "Hivyo hivyo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaita." Kisha akasema, "Haya. Fundi."

Una mvi, Mjomba. Hukutuambia.

Uliposema "Mama, shikamoo," Bibi aliitikia televisheni, "Marahaba," kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Ukaeleza yote, harusi, basi, kituo. Mama alikuwa analia, mimi pia. Bibi hapana. Alikuwa ameinamisha sikio. Mwishoni ukasema, "Mama, mimi nataka," ukatazama chini, halafu tukaona mkono wako unakuja kwenye kamera, kioo kikawa cheusi.

Halafu Bibi akasema, "Hii haijafungwa."

Nikamwambia, "Bibi, imefungwa, amebonyeza kitufe. Ingekuwa wazi deki isingeisoma."

"Wewe unajua vitufe. Mimi nakwambia haijafungwa. Mtu anasema nataka, anataka nini? Kaishia njiani." Akanyoosha mkono apewe lile boksi la sabuni lililorudi na diski, akapapasa kamba ulizokata. "Mwandikie hivi, kama nilivyosema, usinitilie maneno ya shule. Mimi nilifunga. Yeye akakata kamba yangu kwa kisu. Sasa aje afunge mwenyewe."

Kamba ameiweka chini ya mto wake.

Jumapili ijayo saa kumi jioni piga simu, Mjomba. Nitapokea mimi, na nitaongea. Kama nitakwama, utaningoja.

Bibi anapasuliwa jicho tarehe 12 Agosti, na bandeji itafunguliwa kesho yake, tarehe 13, asubuhi. Amesema siku hiyo hataki kuwashiwa televisheni.

Barua baada ya barua nimekuuliza utakuja lini. Hii siulizi. Tarehe nimeshakupa.

Mpwa wako,
Kimya